Nani Aliyehitaji Kamusi? Hotuba Kuhusu Mwanzo wa Kamusi za Kijerumani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu wa lugha, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Ninashukuru kwa nafasi hii. Mada niliyopewa ni historia ya awali ya kamusi za Kijerumani, na kwa kawaida husimuliwa kwa kuanzia mwisho wake. Wasimulizi huanza na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, watunzi wa kamusi mashuhuri ya Kijerumani ya karne ya 19, na wote waliowatangulia huonekana kama vibarua waliowafyekea njia. Ninaomba ruhusa nisifuate mpangilio huo. Mtu akizisoma kamusi za kale huku akijiuliza zilitungwa kwa ajili ya nani, atakuta kwamba kwa karne nyingi nyuma ya kila kamusi alikuwapo mtu aliyekwama: mtawa aliyekwama mbele ya Kilatini, mwanafunzi asiyekuwa na fedha za kununua kitabu, mfanyabiashara aliyetaka kuvuka milima ya Alps, msomaji wa Biblia asiyeelewa maneno ya mkoa wa mbali. Mapenzi ya lugha na heshima ya taifa yalikuja baadaye sana, na yalipokuja, kama tutakavyoona, hayakuwa sikuzote msaada kwa kazi yenyewe. Hao waliokwama ndio nitakaowafuata.

Tuanze na karne ya 8. Katika nchi tunazoziita leo Ujerumani, Austria na Uswisi, watu walisema lahaja nyingi, zikiwemo Kibavaria, Kialemani na Kifranki, na hapakuwa na lugha moja ya maandishi iliyowaunganisha. Kuandika kulikuwa kazi ya makasisi na watawa, nao waliandika Kilatini, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipata kwa mama yake. Katika mazingira hayo ndipo ilipotokea kazi inayoitwa Abrogans. Jina hilo limetokana tu na neno la kwanza la orodha, maana kitabu hakina jina la mtungaji wala kichwa cha habari. Wataalamu wengi huihusisha kazi hiyo na mji wa Freising huko Bavaria, katika zama za askofu Arbeo, na nakala yake mashuhuri zaidi, iliyoandikwa mnamo mwaka 790, imehifadhiwa katika maktaba ya monasteri ya St. Gallen nchini Uswisi, ikiwa mswada nambari 911. Ndani yake mna maneno ya Kijerumani cha kale yapatayo 3,670, yakitokea zaidi ya mara 14,000. Hakuna kitabu cha Kijerumani kilichosalia ambacho ni cha kale kuliko hiki, na katika kurasa za mwisho za mswada huohuo imeandikwa Sala ya Bwana pamoja na Kanuni ya Imani kwa Kijerumani. Lugha nyingi hujivunia kwamba maandishi yao ya kwanza ni utenzi au sheria. Wajerumani wao walianza na orodha ya maneno.

Inafaa tuitazame orodha hiyo ilivyofanya kazi, kwa kuwa humo ndimo lilimofichwa tatizo litakalotufuata kwa miaka elfu moja. Msingi wake ulikuwa mkusanyo wa visawe vya Kilatini, uliotungwa kwa ajili ya watu waliotaka kuandika Kilatini cha madaha: neno gumu, kisha jingine lenye maana ya karibu. Mfasiri alichukua pande zote mbili, yaani neno na kisawe chake, akayawekea yote Kijerumani. Mistari ya kwanza ya nakala ya St. Gallen inakwenda hivi: abrogans, dheomodi, humilis, samftmoati, abba, faterlih, pater, fater. Kwa Kilatini cha kawaida abrogans ni mtu anayefuta sheria, lakini hapa amefasiriwa kuwa mnyenyekevu, kwa kuwa orodha ya asili ilikwisha kuliweka neno hilo karibu na humilis, na mfasiri akafuata alichokikuta. Kijerumani katika kitabu hiki hakina mpangilio wake. Neno la Kijerumani huingia pale tu linapoitwa na neno la Kilatini, na kama Kilatini hakikuliita, halimo. Mkulima wa Bavaria alikuwa na majina ya vifaa vyake, ya magonjwa ya ng'ombe wake na ya aina za theluji iliyomwangukia, lakini mengi ya majina hayo hayakuwa na mlango wa kuingilia.

Miswada mitatu ya kazi hiyo imejulikana kwa muda mrefu. Mmoja uko St. Gallen, mwingine Paris, na wa tatu Karlsruhe. Mwaka 2012, katika monasteri ya Admont nchini Austria, kilipatikana kipande cha ngozi chenye sehemu ya kazi hiyohiyo, nacho kimeandikwa kwa Kibavaria, yaani lahaja ya mahali ambako kazi inadhaniwa kuzaliwa. Ninalitaja jambo hili kwa sababu vijana hudhani kwamba historia ya kale imekwisha kufungwa, na kumbe bado inatoka makabatini.

Jirani ya mswada huo, katika maktaba ileile, kuna kijitabu kidogo kinachoitwa Vocabularius Sancti Galli. Monasteri iliamini kwa muda mrefu kwamba kiliandikwa na Mtakatifu Gallus mwenyewe, jambo lisilowezekana, kwa kuwa ni cha mwishoni mwa karne ya 8, na Gallus alikwisha kufariki zaidi ya miaka mia moja kabla. Kwangu mimi kijitabu hiki kinavutia kuliko Abrogans. Maneno yake hayakupangwa kwa alfabeti, yamepangwa kwa mambo: mwili wa mwanadamu, nyumba, wanyama, hali ya hewa. Ni kitabu cha kuchukulika mkononi, na kinaonyesha kwamba mwenye nacho alihitaji kuzungumza na watu.

Hali hiyo inaonekana wazi zaidi katika karatasi za Kassel, za mwanzoni mwa karne ya 9, ambazo pamoja na orodha ya maneno zina sentensi za mazungumzo. Msafiri anafundishwa kumwambia kinyozi, "Ninyoe nywele zangu." Na mara, pasipo sababu yoyote, mwandishi anaingiza sentensi isemayo kwamba Warumi ni wapumbavu na Wabavaria ni wenye hekima, tena ameiandika kwa lugha zote mbili, pengine ili anayedharauliwa naye asikose kuielewa. Hii ndiyo sauti ya kwanza ya mtunga kamusi wa Kijerumani aliyeshindwa kuzuia maoni yake, na hatakuwa wa mwisho.

Zaidi ya vitabu hivi kuna maelfu ya maelezo madogo yaliyoandikwa kati ya mistari ya vitabu vya Kilatini au pembeni mwa kurasa, mengine yakiwa yamekwaruzwa kwa ncha kavu bila wino, hata huonekana tu ngozi ikielekezwa upande wa mwanga. Elias Steinmeyer na Eduard Sievers waliyakusanya na kuyachapisha kuanzia 1879 hadi 1922 katika majuzuu matano. Karne ya 11 ilileta kazi kubwa zaidi, Summarium Heinrici, iliyofuata ensaiklopidia ya Isidore wa Seville na kuongeza Kijerumani ndani yake. Nayapita haya kwa haraka kwa kuwa kanuni yao ni ileile: Kilatini mbele, Kijerumani nyuma.

Ninapotaka kusimama ni mwishoni mwa karne ya 14. Wakati huo miji imekua, shule zimeongezeka, na wavulana wengi wasiokuwa watoto wa matajiri wanajifunza Kilatini ili wawe makarani, makasisi au walimu. Kamusi kubwa za Kilatini zilikuwapo, kama vile Catholicon ya Johannes Balbus iliyokamilika mwaka 1286, lakini zilikuwa nene, za bei kubwa, na zilieleza Kilatini kwa Kilatini. Ndipo mtu ambaye hakuacha jina lake alipotunga kamusi fupi, akaianza na maneno "Ex quo", ambayo yakawa jina lake. Katika utangulizi anasema waziwazi kwa nini ameitunga: vitabu vilivyokuwapo ni ghali na ni vigumu kueleweka, na wanafunzi maskini wanataka kuyaelewa Maandiko na vitabu vingine. Kwa hiyo akafupisha, akapanga kwa alfabeti, akaweka alama fupi za sarufi, na pale ilipofaa akaongeza neno la Kijerumani ili mwanafunzi asipoteze muda.

Kitabu hicho kilienea ajabu. Zaidi ya miswada 250 imesalia hadi leo, na kila aliyenakili alibadilisha Kijerumani chake kiwe cha mahali pake, kiasi kwamba wataalamu wa lahaja huitumia miswada hiyo kama ramani: neno moja la Kilatini, na majibu mbalimbali kutoka Cologne hadi Austria. Uchapaji ulipoanza, kamusi hii ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kupigwa chapa. Tarehe 4 Novemba 1467 kazi ya kuichapa ilikamilika huko Eltville, mji mdogo ulio karibu na Mainz, katika kiwanda cha ndugu wa ukoo wa Bechtermünze, kwa herufi zilezile zilizotumika mwaka 1460 kuchapa Catholicon mjini Mainz. Johannes Gutenberg, aliyeanzisha uchapaji huo Ulaya, alikuwa bado hai, akafariki miezi michache baadaye. Kamusi ya maskini ilichapwa kwa herufi za ile kamusi ya ghali.

Baada ya hapo mambo yanakwenda kasi. Mwaka 1477 Gerard van der Schueren alichapisha mjini Cologne kazi iitwayo Teuthonista, ambamo maneno ya lahaja ya Rhine ya chini yanatangulia na Kilatini kinafuata. Mwaka huohuo, mbali kabisa na vyuo na monasteri, mpiga chapa Mjerumani aitwaye Adam von Rottweil alitoa mjini Venice kitabu cha maneno ya Kiitaliano na Kijerumani kwa ajili ya wafanyabiashara, na humo hakuna Kilatini cha kumsumbua mtu. Mwaka 1482 Nuremberg nayo ikatoa orodha inayoanza na Kijerumani. Ni kama watu wa sehemu mbalimbali, pasipo kushauriana, waligundua kwa pamoja kwamba kuna anayetafuta kutoka upande wa pili: anayejua analotaka kusema, ila hajui namna ya kulisema.

Sasa tuingie katika karne ya 16, na hapa nitawaomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa kuna mnyororo unaopaswa kufuatwa pingu kwa pingu. Mwaka 1535 mwalimu mmoja wa Strassburg, Petrus Dasypodius, mzaliwa wa Frauenfeld nchini Uswisi, alichapisha kamusi ya Kilatini na Kijerumani kwa ajili ya shule, na mwaka uliofuata akaongeza sehemu ya Kijerumani na Kilatini. Maneno aliyapanga kwa koo, kila neno likiwa chini ya neno lililolizaa, na kitabu kikachapwa tena na tena kwa muda mrefu baada ya kifo chake. Wakati huohuo huko Paris, Robert Estienne alikuwa akikusanya Kilatini safi kutoka kwa waandishi wa kale, Cicero akiwa mbele, na akakifasiri kwa Kifaransa. Wasomi wawili wa Zürich, Petrus Cholinus na Johannes Frisius, waliitumia kazi ya Estienne, wakaweka Kijerumani mahali pa Kifaransa, na mwaka 1541 wakatoa kamusi kubwa. Hatimaye mchungaji Josua Maaler akachukua kazi ya Frisius, akaigeuza, Kijerumani kikawa mbele, na mwaka 1561 Christoph Froschauer akaichapa mjini Zürich ikiwa na dibaji ya Konrad Gessner, mtaalamu maarufu wa viumbe. Kichwa chake ni Die Teütsch spraach, yaani "Lugha ya Kijerumani," na kinaahidi maneno yote, majina na namna za kusema.

Kamusi ya Maaler husifiwa kuwa ndiyo ya kwanza kukipa Kijerumani nafasi ya mbele kwa upana huo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini nguo ikigeuzwa nje ndani, mishono yake yote huonekana. Semi nyingi za Kijerumani zilizomo humo zipo kwa sababu Cicero au mwandishi mwingine wa Roma aliwahi kutumia usemi fulani, Estienne akaunakili, Frisius akautafutia Kijerumani, na Maaler akaupeleka mwanzo wa mstari. Lugha imekaa kiti cha mbele, ila orodha ya wageni waliokaribishwa iliandikwa na mwingine. Maneno ambayo Kilatini hakikuwahi kuyaita, sasa pia mengi hayamo. Tena, ingawa kichwa kinataja Kijerumani cha Juu, tahajia na maneno mengi ni ya Zürich.

Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi ya karne hiyo haikutokea katika vitabu hivi vinene. Ilitokea Basel. Martin Luther alitoa Agano Jipya la Kijerumani mjini Wittenberg mwezi Septemba 1522, na kabla mwaka haujaisha mpiga chapa Adam Petri alikwisha kulichapa tena Basel, mamia ya kilomita kusini. Wateja wa Petri wakakwama. Luther aliandika Kijerumani cha sehemu za kati za mashariki mwa Ujerumani, na maneno yake kadhaa hayakujulikana katika bonde la juu la mto Rhine. Neno lake la midomo, Lippen, wao waliliita Lefzen. Kwa hiyo mwaka 1523 Petri aliongeza orodha ya maneno yapatayo 200 ya Luther, kila moja likielezwa kwa neno la Kijerumani cha kusini. Ni kurasa chache tu, zilizotungwa na mfanyabiashara kwa ajili ya kuuza vitabu. Lakini ndani yake Kijerumani kinaelezwa kwa Kijerumani, na Kilatini hakikuulizwa lolote. Wachapaji wengine waliinakili orodha hiyo. Baadaye maneno mengi ya Luther yalishinda, na leo Mjerumani yeyote husema Lippen. Msomaji wa Basel wa mwaka 1523 angeshangaa kusikia kwamba neno la kigeni katika Biblia yake ndilo litakalokuwa la kawaida.

Orodha nyingine za namna hiyo zilifuata, nazo pia zilizaliwa na shida za kila siku. Mwaka 1554 Leonhard Schwartzenbach alitoa mkusanyo wa visawe kwa ajili ya waandishi wa ofisi na mabaraza, waliotakiwa kuandika barua na hati bila kurudia neno lilelile. Mwaka 1571 Simon Roth alichapisha mjini Augsburg kitabu kilichoeleza kwa Kijerumani maneno ya kigeni, hasa ya Kilatini, yaliyokuwa yamejaa katika sheria, dini na utawala. Mtu wa kawaida aliyepelekewa hati ya mahakama alihitaji mtu wa kumweleza yaliyoandikwa katika lugha inayoitwa yake, na Roth alikuwa mtu huyo. Historia nyingi za kamusi huvipa vitabu hivi mstari mmoja au miwili. Mimi naona ndivyo vilivyofungua mlango.

Katika karne ya 17 ndipo linapoingia taifa. Mwaka 1617 wakuu na waandishi walianzisha huko Weimar chama kilichoitwa Fruchtbringende Gesellschaft, chini ya Ludwig wa Anhalt-Köthen, kwa lengo la kukikuza Kijerumani na kukisafisha. Wakati huo Waitaliano walikwisha kuwa na kamusi ya Accademia della Crusca, chama chao cha wasomi wa lugha, iliyotoka mwaka 1612, na wasomi wa Kijerumani waliona aibu. Mwaka mmoja kabla ya chama hicho, Georg Henisch, tabibu na mwalimu wa Augsburg, alikuwa ametoa juzuu la kwanza la kazi yake kubwa, Teütsche Sprach und Weißheit. Ilijaa methali, semi na visawe vya lugha nyingine za Ulaya, na mtu akiisoma hukutana na Kijerumani kinachopumua. Lakini juzuu hilo lilianzia A na kuishia G. Henisch alifariki mwaka 1618, vita vya miaka thelathini vikaanza mwaka huohuo, na herufi zilizobaki hazikuchapwa kamwe.

Justus Georg Schottelius, katika kitabu chake kikubwa cha sarufi cha mwaka 1663, alifundisha kwamba nguvu ya Kijerumani iko katika maneno ya shina, mafupi na ya kale, ambayo hujenga mengine kwa kuunganishwa. Mafundisho hayo ndiyo yaliyomwongoza Kaspar Stieler, mzaliwa wa Erfurt, mwanajeshi na mshairi katika ujana wake, alipotoa mwaka 1691 mjini Nuremberg kamusi iliyopangwa kama mti wa ukoo. Kila shina lina matawi yake, na makumi ya maelfu ya maneno yananing'inia humo. Ni kazi ya kushangaza, na pia ni mateso kwa anayetafuta neno moja, maana lazima kwanza alijue shina. Tena Stieler, kwa kuifuata kanuni ya uundaji, aliingiza maneno yaliyowezekana ingawa huenda hakuna aliyewahi kuyasema. Hapa ndipo ninaposema kwamba mapenzi ya lugha hayakuwa msaada sikuzote. Kitabu cha namna hiyo kinaisifia lugha, lakini mtu aliyekwama bado amekwama.

Mwanafalsafa Gottfried Wilhelm Leibniz aliliona jambo hilo vizuri. Katika andiko lake kuhusu Kijerumani, aliloliandika mnamo 1697 na likachapwa mwaka 1717, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alipendekeza kazi tatu zitenganishwe: kamusi ya maneno ya kawaida, kamusi ya maneno ya ufundi na sanaa, na kamusi ya maneno ya kale na ya lahaja. Alitaka maneno ya wachimba madini, wawindaji na mabaharia yakusanywe kutoka kwao wenyewe. Kwa hoja hiyo moja alilijibu lile tatizo la Abrogans: ukitaka kuyapata maneno ambayo Kilatini hakiyaiti, nenda kwa wanaoyatumia.

Matokeo mazuri hayakuchelewa, ingawa yalitoka mahali pasipotarajiwa. Matthias Kramer, mwalimu wa lugha mjini Nuremberg, alichapisha kati ya 1700 na 1702 kamusi ya Kijerumani na Kiitaliano. Kwa kuwa msomaji wake angeweza kuwa mgeni asiyejua chochote, ilimbidi aandike hata yale ambayo Mjerumani angeyaona hayana haja ya kuandikwa: namna ya kujibu, namna ya kulalamika, kitenzi kipi huenda na jina lipi. Ndiyo sababu leo kitabu hicho ni mojawapo ya ghala bora za Kijerumani cha zama zile. Sisi wa pwani tunalo tukio linalofanana. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza, iliyochapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilikusudiwa kwa wamisionari. Sasa inatumiwa na Waswahili wanaotaka kujua Mombasa ya karne ya 19 ilisemaje. Kamusi zinazokieleza Kiswahili kwa Kiswahili, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zilikuja muda mrefu baadaye.

Mwaka 1741 Johann Leonhard Frisch, mkuu wa shule mjini Berlin aliyekuwa pia mchunguzi wa wadudu na ndege, alitoa kamusi ya Kijerumani na Kilatini iliyotekeleza sehemu ya ndoto ya Leibniz, ikiwa na maneno ya ufundi na ya hati za kale. Kisha akaja Johann Christoph Adelung, na kuanzia 1774 hadi 1786 majuzuu yake matano yakatoka Leipzig. Adelung alifasili Kijerumani kwa Kijerumani, akatenganisha maana moja na nyingine kwa nambari, na akasema wapi neno ni la heshima na wapi ni la sokoni. Kipimo chake kilikuwa usemi wa watu wa tabaka la juu wa Saxony, jambo lililowaudhi waandishi wa mikoa mingine, ambao hata hivyo waliinunua kamusi yake. Joachim Heinrich Campe alimjibu kati ya 1807 na 1811 kwa majuzuu matano yenye vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa, 141,277, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Theodor Bernd.

Hivyo tunawafikia ndugu Grimm, na nitasema juu yao jambo moja tu. Mwaka 1837 walifukuzwa chuo kikuu cha Göttingen pamoja na wenzao watano kwa kumpinga mfalme wa Hannover aliyeifuta katiba, na wachapishaji wa Leipzig wakawaletea pendekezo la kutunga kamusi wakiwa hawana kazi. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1852, juzuu la kwanza likakamilika mwaka 1854, na kazi nzima ikamalizwa na wengine mwaka 1961. Katika dibaji ya juzuu hilo la kwanza Jacob Grimm anaeleza kwamba anatamani kamusi hiyo isomwe majumbani: baba achague maneno machache jioni, ayapitie na wanawe wa kiume, na mama angependa kusikiliza. Lakini katika dibaji hiyohiyo anazidhihaki fasili ndefu za Kijerumani kama zile za Adelung, na anasema kwamba ukiweka mensa kando ya Tisch, yaani meza, umekwisha kufanya ya kutosha kwa kuanzia. Kamusi ikatoka ikiwa na maelezo ya Kilatini, katika mwaka ambao wasichana wa Kijerumani, kwa kawaida, hawakufundishwa Kilatini shuleni.